Kilo Kumi na Sita

Kila siku ya kliniki ilipokwisha, kompyuta ya kituo ilitoa orodha ya watoto wasiohudhuria, na Asnath aliisoma kwa jambo moja tu: kuliona jina la mwanawe. Hana Alute, namba 217, hajahudhuria. Machi lilikuwepo, Aprili lilikuwepo, Mei lilikuwepo. Mwingine angesema huko ni kujitonesha kidonda. Kwake yeye ilikuwa faraja, tena faraja ya wizi, maana mtoto asiyehudhuria si mtoto aliyekufa. Ni mtoto ambaye mama yake yuko shambani anavuna alizeti, atamleta mwezi ujao.

Mwezi wa Juni jina halikuwepo.

Asnath aliipitia orodha mara tatu, kidole kwenye kioo. Hana alikuwa amezikwa tangu Februari, akiwa na miezi saba, na nimonia ndiyo iliyomchukua. Akaifungua rekodi yake. Mahali pa uzito, chini ya kilo 6.8 za mwisho alizopimwa akiwa hai, palikuwa na tarehe ya siku ileile na uzito mpya: kilo 7.4.

Ulikuwa mwaka 2007. Milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa kwa kila mwenye chake: mashine za watu binafsi zikikamua alizeti hadi vijijini, kampuni za simu zikigombea kuta za maduka ili zipake rangi zao, na mashirika yakiingia na kutoka kama wageni wa harusi. Shirika moja la namna hiyo ndilo lililojenga kituo kile kidogo cha afya kwenye njia ya Kinyangiri, likaweka dishi juu ya bati na kompyuta chumbani. Mfumo wenyewe ulikuwa kwenye mtandao. Asnath, karani wa takwimu, akiandika uzito wa mtoto pale, wakubwa waliuona Singida mjini papo hapo.

Mtoto akifa, karani alitakiwa kuifunga rekodi kwa kuandika tarehe na sababu ya kifo. Asnath alikwisha kufunga za watoto kumi na mmoja. Ya kumi na mbili ndiyo iliyomshinda.

"Nesi," aliita, "leo umeingiza uzito wowote kwenye kompyuta?"

Nesi Kristina, aliyekuwa nje akikunja suruali za kupimia watoto, alicheka. "Mimi na hiyo mashine? Leo hata kuigusa sijaigusa."

Swali halikuwa la ajabu. Pale kituoni wote walitumia neno la siri la Asnath, lililoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani karibu na kalenda ili asisumbuliwe mtu. Kwa hiyo mfumo uliposema kwamba uzito ule umeandikwa na "asnath", saa saba na dakika kumi na tatu mchana, haukuwa umesema kitu. Saa saba watu wote huwa wamekwenda kula. Jua la saa saba kule Singida si la kuchezea. Barabara hubaki tupu, upepo huburuta vumbi peke yake, na wazee huwaambia watoto wasitembee, maana hiyo nayo ni saa ya wenyewe, wasioonekana.

Angeweza kuifuta namba ile. Hakuifuta. Alikaa akiitazama, na chumba kikaanza kunuka maziwa yaliyochacha, harufu ya shingo ya mtoto aliyecheua. Alipoinama aliona kifua cha blauzi yake kimelowa. Maziwa yake yalikuwa yamekauka tangu Machi.

Ili ieleweke kwa nini hakumwambia mtu, lazima isemwe alivyozika. Mumewe, Alute, alitoka machimboni Sekenke, akakaa siku mbili, akarudi. Bibi Klara, mkunga aliyemzalisha, ndiye aliyembeba marehemu kwenda kuzikwa pamoja na wanawake wawili wengine. Asnath aliachwa ndani. "Mtoto ambaye hajakanyaga chini haliliwi," Bibi Klara alimwambia. "Ukimlilia, tumbo linajifunga. Nyamaza, utapata mwingine." Hapakuwekwa matanga wala mkeka. Siku ya tatu Asnath alirudi kazini, na watu wakamwamkia kana kwamba alikuwa safarini.

Wiki mbili baadaye jirani yake Agnes alishikwa na homa ya matumbo, akapelekwa hospitali Kiomboi. Mwanawe Shukuru, aliyezaliwa wiki moja na Hana, alibaki akilia hadi sauti ikamkauka, kila maziwa ya kopo akiyatapika. Asnath alimchukua. Kifua chake kilikuwa kimejaa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, akampa yule aliyepo. Wiki tatu alimnyonyesha. Agnes aliporudi na kumkuta mwanawe amenenepa, alipiga magoti mlangoni pa Asnath.

Sasa Julai, siku ya kliniki, Agnes alimleta Shukuru kupimwa. Mwezi wa Juni Nesi Kristina alikuwa amemwandika kwenye kadi kilo 9.2. Alipomning'iniza safari hii, mizani ilisimama kwenye 8.6.

"Ameumwa?" nesi aliuliza.

"Hajaumwa hata mafua," Agnes alisema. "Lakini anakula na hashibi. Na mchana, kwenye saa saba hivi, analia kama ananyang'anywa kitu mkononi."

Asnath alipofungua rekodi ya Shukuru alikuta kwamba hata uzito wa Juni haukuwa 9.2 tena. Ulikuwa umebadilishwa kuwa 8.6. Kompyuta ilisema kwanza, mwili ukafuata. Siku ile, saa saba ilipopita, uzito wa Julai nao ulibadilika nyuma ya mgongo wa kila mtu: wa Shukuru 7.9, wa Hana 8.1.

Makao makuu waliona. Mtoto anayeshuka kilo hupewa unga wa lishe, na rekodi inayobadilishwa hunuka wizi wa unga, kwa hiyo wiki ya kwanza ya Agosti akaletwa mkaguzi kutoka Singida mjini, kijana mmoja aitwaye Christopher, mwenye kompyuta ya mkononi na maneno mengi.

"Dada Asnath, mimi sikutuhumu," alisema akiwa amekwisha kumtuhumu. "Ila huu mfumo haufuti kitu. Wewe ukibadilisha namba unadhani ile ya zamani imeondoka, kumbe ipo. Nyuma kuna kumbukumbu ya mabadiliko: nani, saa ngapi, ilikuwa ngapi, imekuwa ngapi. Tutaona tu."

Alichapa kurasa mbili, akaziweka mezani, na maneno yake mengi yakapungua. Mabadiliko ya Shukuru na ya Hana yalikuwa yamefanyika pamoja, sekunde moja, Juni na Julai. Kwa mtoto mmoja imeondolewa nukta sita, kwa mwingine imeongezwa nukta sita. Kisha nukta saba, na nukta saba.

"Huyu Hana ni nani?" aliuliza. "Mbona hana hata chanjo moja tangu Februari?"

"Ni wangu," Asnath alisema. "Alifariki."

Christopher alivua kofia. Hakuwa kijana mbaya. Alibandua karatasi ukutani, akaweka neno la siri jipya ambalo hakumtajia mtu, na akaomba abaki hadi siku ya kliniki ya mwezi ule. Siku hiyo Shukuru alipimwa asubuhi, kilo 7.9 kamili, mbavu zikihesabika. Saa sita na nusu Christopher alizima kompyuta, akafunga chumba, ufunguo akautia mfukoni, akaketi barazani na Asnath mbele ya sahani ya ugali na mlenda.

Saa saba na dakika kadhaa upepo ulitulia. Kwanza ndoano ya mizani, iliyoning'inia tupu kwenye boriti ya baraza, ililia kidogo, nyii, nyii, kama wakati mtoto mzito anapotiwa na kuanza kurusha miguu. Hakuna aliyeigusa. Kisha ndani ya chumba kilichofungwa, taratibu, kwa kidole kimoja kisichojua kuandika, kibonyezo kimoja kikabonyezwa, kikafuata kingine, na kingine, na baada ya hapo ikaja sauti ambayo mwanamke yeyote aliyelea huijua hata akiwa usingizini, sauti ya mtoto anayenyonya kwa pupa, anameza, anavuta pumzi puani, anameza tena.

"Dada," Christopher alinong'ona, "kuna mtu humo?"

"Ufunguo unao wewe."

Alipofungua hapakuwa na mtu. Kompyuta ilikuwa inawaka. Vibonyezo vilikuwa na unyevu mweupe, na vilinuka. Christopher alisoma kumbukumbu akiwa amesimama, tayari kukimbia: Shukuru, ilikuwa 7.9, imekuwa 7.1. Hana, ilikuwa 8.1, imekuwa 8.9. Mahali pa jina la aliyebadilisha palikuwa patupu.

"Ukijumlisha za watoto hawa wawili, tangu Juni, ni kilo kumi na sita," alisema. "Haiongezeki, haipungui. Inahamishwa tu. Dada, ifunge hii rekodi. Ikishafungwa kwa kifo haibadilishwi na mtu wala na nani. Mimi siwezi, kifo kinaandikwa na kituo. Ifunge leo."

"Nitaifunga."

Akamwandikia neno jipya la siri kwenye kiganja na kuondoka na basi la saa tisa. Hakurudi tena; kazi ile aliiacha.

Asnath hakuifunga. Hapo ndipo lilipo kosa lake, na msimulizi hana njia ya kulipamba. Alijua. Alikuwa na karatasi mkononi inayosema ni mtoto wa nani anayeliwa, na nani anayenenepa. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na kwake ilikuwa kwamba kwa miezi sita hakuna mtu pale kijijini aliyelitaja jina la Hana isipokuwa mashine ile. Kila mchana alikaa peke yake chumbani, mlango umefungwa, blauzi imelowa, akitazama 8.9. Nguo gani zingemtosha sasa? Angekuwa anashika meza na kusimama. Alijiambia siku moja tu. Siku moja ikawa wiki, na kila jioni akirudi nyumbani alipita mbele ya mlango wa Agnes akiharakisha, akiwa ameinamisha uso.

Ni Agnes aliyemfuata mwenyewe, mwezi Septemba, siku mbili kabla ya kliniki. "Mama Hana," alisema, na ndiye mtu wa kwanza kumwita hivyo tangu mazishi, "nimeishiwa. Hospitali wanasema hana ugonjwa. Uliwahi kumwokoa. Sasa naomba uniambie nifanye nini." Shukuru alikuwa mgongoni, kichwa kimelala upande, macho makubwa.

Asnath alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Klara, akamkuta uani anachambua vitunguu, lori la mnadani likimsubiri.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sema haraka, dereva ananipigia honi."

Asnath alisema yote. Alipofika kwenye sauti ya kunyonya, Bibi Klara aliacha kuchambua. Honi ililia, hakuitika. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema mwishoni. "Hicho si Hana. Jini halina mama wala kaburi. Likikuta mahali pa mtoto pameachwa wazi, mtoto hajaagwa, maziwa yapo, jina linaitwa kila mwezi, linaingia na kukaa. Na huyo mvulana alikunywa maziwa ya mwenye jina, kwa hiyo linamdai. Litayachukua yote."

"Nifanye nini?"

"Umuage. Umlilie, uifunge hiyo rekodi yake." Alijifuta mikono kwenye kanga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Na kosa la kwanza ni langu. Mimi ndiye niliyekukataza kulia. Nilikatazwa hivyo na mama yangu, sikuuliza. Mimi mwenyewe nimezika wawili bila kulia, Asnath, na tumbo lilijifunga vilevile."

Siku ya kliniki ilipofika, Nesi Kristina hakupima mtoto hata mmoja. Kuanzia saa sita wanawake wa kijiji walitandika mikeka barazani, Waislamu kwa Wakristo, Bibi Klara katikati, na Agnes amempakata Shukuru ambaye alikuwa hana nguvu hata ya kuinua shingo. Asnath aliketi ndani, mlango wazi, rekodi namba 217 mbele yake.

Saa saba na dakika kumi na tatu ndoano ya mizani ililia. Nje Bibi Klara akaanza, kwa Kinyiramba, kile kilio kirefu cha msiba ambacho kilistahili kusikika Februari, na wanawake wakampokea. Asnath aliweka mshale mahali palipoandikwa "Funga rekodi". Fomu ikafunguka. Tarehe ya kifo: 11 Februari. Sababu: nimonia. Vidole vilikuwa vizito, na mbele ya macho yake uzito wa Shukuru ukaanza kushuka wenyewe, 7.1, 6.9, 6.6, na huku barazani Agnes akapiga yowe kwamba mtoto hapumui vizuri, na harufu ya maziwa ikajaa chumba hadi akashindwa kuvuta hewa, na kitu chenye joto, kizito, chenye uzito wa mtoto mwenye kilo tisa, kikapanda mapajani mwake, kikamshika blauzi kwa viganja viwili vidogo, na yeye ambaye miezi saba mikono yake ilikuwa mitupu akajikuta anakizungushia mkono wa kushoto kabla hajafikiri, akakipapasa mgongo, akausikia uti wa mgongo wake, huku mkono wa kulia ukiwa bado juu ya kibonyezo.

Swali la mwisho la fomu, lililotungwa na watu wa mbali wasiomjua mtu, lilikuwa: Je, mama amejulishwa kifo?

Kile kilicho mapajani kikamwita. "Mama."

Asnath alifumbua mdomo.

"Usiitike!" Bibi Klara alifoka kutoka mlangoni, machozi yakimchuruzika. "Hana hakuwahi kukuita! Alikufa hajajua kusema. Anayekuita si mwanao!"

6.4, kioo kilisema. 6.1. Sauti ya Agnes haikuwa ya mtu tena.

Asnath alibonyeza Ndiyo.

Mapaja yakawa mepesi mara moja. Kompyuta ilikaa kidogo, ikifikiri, halafu ikaandika kwamba rekodi namba 217 imefungwa. Uzito wa Shukuru uliganda kwenye 6.1 na haukushuka tena. Nje ilisikika sauti nyembamba ya mtoto mwenye njaa akilia kwa hasira, na wanawake wakasema asante Mungu, Alhamdulillahi. Asnath alianguka kutoka kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza akalia, akalia hadi jioni, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Wiki tatu baadaye Shukuru alikuwa amerudi kilo saba na nusu. Agnes alimleta nyumbani kwa Asnath amembeba mgongoni, na kibakuli cha karanga mkononi, akaja kushukuru. Asnath alimzuia. Alimwambia habari ya karatasi ya Agosti. Alimwambia kwamba mwezi mzima alijua, akanyamaza.

"Kwa nini?" Agnes aliuliza taratibu.

"Nilitaka nimwone amefika kilo tisa."

Agnes aliweka kibakuli chini. "Lakini Bibi Klara anasema hakuwa yeye," alisema hatimaye. "Hana hakuwahi kusema."

"Hana angekuwa na miezi kumi na minne siku ile," Asnath alijibu. "Wako naye ana umri uleule. Hakuiti?" Agnes alimpapasa mtoto mguu. "Na aliita tena, Agnes, nilipokuwa nimeshabonyeza. Mara ya pili sauti ilitoka nje, kule njia ya makaburini, kama mtoto anayebebwa na mtu mwingine asiyemjua. Ninyi mlikuwa mnashangilia. Mimi nilisikia."

Agnes alifungua kanga, akamshusha mwanawe. Alitazama mapaja ya Asnath, akatazama yake mwenyewe, kisha akamweka mtoto mkekani katikati yao, akafunika uso akaanza kulia. Asnath naye alilia. Shukuru alishika mkeka, akajiinua, akasimama akiyumba, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mama," alisema.

Wanawake wote wawili walisikia, na hakuna aliyethubutu kuitika.